Ngoma ya Wagogo na Uwanja Wake

Katika miji ya pwani njia ni jukwaa tangu zamani. Zafa ya Maulidi hupita katika vichochoro vya Lamu kwa matari na kasida. Vyama vya beni vya Lamu na Mombasa vilianza kushindana barabarani mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, vimevaa sare za kuigiza jeshi na kupiga tarumbeta. Na tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Unguja mwaka 2004, limezoea kufunguliwa kwa maandamano ya wapiga ngoma kabla watu hawajaingia Ngome Kongwe. Miji ya namna hiyo haihitaji kuelezwa maana ya sanaa ya barabarani. Lakini mgeni akifika Dodoma, mji ulio makao makuu ya Serikali ya Tanzania, akauliza ngoma kubwa ya wenyeji husherehekewa katika barabara gani, ataelekezwa nje ya mji. Ataambiwa apande gari aelekee mashariki, kiasi cha kilomita thelathini na kitu, mpaka Chamwino. Huko ndiko lilikoanzishwa mwaka 2009 tamasha la muziki wa Wagogo, na huko ndiko vikundi vya vijiji vya Ugogo vimekuwa vikikusanyika mwezi wa Julai.

Jambo hili si la bahati tu. Ngoma ya Wagogo haikuwa na barabara. Ilikuwa na uwanja, na uwanja huo ulikuwa na mwenyewe na majira yake. Katika muda wa miaka mia moja na zaidi uwanja umehamishwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Tamasha la Chamwino ni uhamisho wa karibuni, wala si wa kwanza, nasi tutalihukumu vibaya tukilitazama kana kwamba ndilo lililoing'oa ngoma mahali pake.

Ugogo ni nchi kavu. Mvua yake ni ya msimu mmoja, tangu Desemba hata Aprili, na kipimo cha mwaka mzima katika Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600, katika mwaka ulio mwema. Mtama, uwele na ng'ombe ndio uhai wa watu. Wenyeji hawakukaa mijini. Walikaa katika matembe, nyumba za udongo za paa la bapa zilizolizunguka zizi, na tembe moja lilikuwa mbali na jingine, ili mifugo ipate malisho. Misafara ya pwani iliyokwenda Unyamwezi na Ujiji ilipita katikati ya nchi hiyo ikawalipa watemi hongo kwa ajili ya maji na njia. Burton alipita mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, na wote wawili walinung'unika sana katika vitabu vyao. Njia kuu, basi, ilikuwako. Walakini ilikuwa njia ya wapitaji. Mgogo alicheza kwake, katika ua wa tembe au penye uwazi baina ya tembe na tembe.

Tena alicheza kwa majira. Wakati wa mvua mikono yote iko shambani na macho yote yako mbinguni. Mavuno yakiisha, nafaka ikiwa ghalani na pombe ya mtama ikiwa imepikwa, ndipo mialiko ilipopita. Sherehe za jando hasa zilingojea mwaka wa shibe, maana wageni hawalishwi maneno. Kwa hiyo njaa katika nchi hii ilikuwa ni zaidi ya upungufu wa chakula: ilifunga uwanja. Msomaji wa historia ya Ugogo hawezi kuipita njaa iliyoitwa Mtunya, ya tangu mwaka 1917 hata 1920. Majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza yalikuwa yamechukua ng'ombe, nafaka na wapagazi, mvua ikakosa, na inakisiwa kwamba katika watu 150,000 wa nchi hiyo walikufa wapatao 30,000. Wazee walioupita wakati huo walihesabu umri wa watoto wao kwa Mtunya. Wimbo hauna kichwa kingine cha kuwekwa isipokuwa cha mwimbaji, na katika miaka ile vichwa vingi vilizikwa na nyimbo zao.

Miaka michache kabla ya msiba huo ulikuwa umezaliwa mji. Reli ya Wajerumani iliyotoka Dar es Salaam ilifika Dodoma mwaka 1910, na penye stesheni wakaja makarani, askari, mafundi, wafanyabiashara Wahindi na Waarabu, na watu wa makabila ya mbali. Baada ya Vita vya Kwanza beni nayo ilienea katika miji ya bara kwa njia ya reli na ya askari waliorudi makwao. Barabara ya mji wa bara, basi, ilipata ngoma iliyoifaa: ya kuandamana, yenye vyeo na mashindano, inayoimbwa kwa Kiswahili ili kila mtu aielewe. Ngoma ya Kigogo ilikuwa na tabia nyingine, na tabia hiyo yafaa kuelezwa kwa urefu kidogo, maana pasipo kuijua hatuwezi kuelewa ni nini kinachopotea au kupatikana inapopandishwa jukwaani.

Kwanza, ni ngoma ya sauti nyingi zilizofungamana. Katika nindo, na katika nyimbo zinazoitwa msunyunho, mmoja huanzisha, wengine hudaka, na sauti huachana na kukutana kwa mpango ambao mtu mgeni huudhania kuwa umeandikwa. Gerhard Kubik wa Austria, na baadaye Polo Vallejo wa Uhispania aliyekaa sana na waimbaji wa kijiji cha Nzali, wameonyesha kwamba mizani ya sauti za Wagogo yatokana na zile sauti ndogo za juu zilizomo ndani ya sauti moja nene, kama zile ambazo mpigaji wa uta wa muziki huzitoa kwa kubadili upana wa kinywa chake. Yaani Wagogo hawakubuni ngazi ya sauti wakaiweka juu ya nyuzi. Waliisikiliza ndani ya uzi. Pili, vyombo vyao vimetengenezwa vikiitikie kile kinachopigwa. Katika ilimba, ile marimba ya vijino vya chuma ipigwayo kwa vidole gumba, viko vijino visivyoguswa kabisa: hutetemeka vyenyewe jirani zao wanapoguswa. Na penye tundu la ubao hubandikwa utando wa buibui, ili kila sauti itoke na mvumo wake. Chombo cha namna hii hutaka watu waliokaa karibu. Katika kelele za barabara nusu ya maneno yake hayasikiki.

Tatu, hapakuwa na mtazamaji. Namaanisha kwamba aliyekuwapo uwanjani alikuwa mwimbaji, au mpiga makofi, au ndugu wa mtoto anayeadhimishwa, au mgeni aliyealikwa kwa sababu inayojulikana. Aliyesimama pembeni akitazama bure alikuwa mtu wa kuulizwa habari zake.

Katika ngoma zote za nchi hii, muheme ndiyo yenye historia ya ajabu zaidi. Ni ngoma ya wanawake. Kila mpigaji hubana kati ya mapaja ngoma ndefu yenye kiuno chembamba, akaipiga kwa viganja, na mwongozaji huvunja mapigo ya wenziwe kwa mapigo yake. Asili yake ni unyago wa wasichana. Ilipigwa kwa ajili ya tohara yao, na mwanamume hakuwa na haja nayo. Tohara hiyo ilianza kupigwa vita na wamisionari waliojenga Mpwapwa katika miaka ya 1870 na Mvumi baadaye, na mwisho Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ikakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka kumi na minane. Ni sheria njema, na ukeketaji hauna utetezi. Lakini tazama tatizo lake kwa mwanahistoria wa muziki: desturi yakatazwa, na ngoma iliyozaliwa na desturi hiyo ni miongoni mwa kazi bora za mikono ya wanawake wa Afrika Mashariki. Je, mtoto auawe pamoja na mama?

Wanawake wa Ugogo hawakungoja wataalamu wawajibu. Waliitoa muheme mafichoni wakaipeleka harusini, kanisani na katika mikutano ya siasa. Kedmon Mapana, Mgogo na mwalimu wa muziki aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeandika juu ya mageuzi hayo mwaka 2007, ameonyesha jinsi mtindo wa kucheza ulivyobadilika pamoja na mahali pa kuchezea. Makanisa yaleyale ambayo watangulizi wao waliihesabu ngoma kuwa ushenzi sasa humsifu Mungu kwa mapigo yake. Basi uwanja wa muheme ulihamishwa na wenye muheme, miaka mingi kabla ya tamasha lolote.

Uhamisho mwingine ulifanywa na Serikali. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya Urais mbele ya Bunge tarehe 10 Desemba 1962, alisikitika kwamba vijana waliosoma walijivunia kucheza dansi za Kizungu huku hawazijui ngoma za baba zao, akatangaza Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Likaundwa kundi la taifa la ngoma, na watu wakatafutwa katika mikoa. Kutoka Ugogo alipatikana Hukwe Zawose, mchunga ng'ombe aliyezaliwa mwaka 1938 au karibu yake, mwenye sauti iliyoweza kushuka chini kama mngurumo na kupanda juu kama ya mtoto katika pumzi moja. Aliitwa Dar es Salaam; na Chuo cha Sanaa kilipofunguliwa Bagamoyo mwaka 1981 alikuwa miongoni mwa walimu wake. Kutoka hapo akazunguka Ulaya na Marekani, akarekodi katika studio za Peter Gabriel huko Uingereza. Sahani yake iliyoitwa Chibite ilitoka mwaka 1996, na ile ya Assembly, aliyoshirikiana na Michael Brook wa Kanada, mwaka 2002. Akafariki Desemba 2003.

Maisha ya Zawose yana kinaya ambacho hakijapata kuandikwa vya kutosha. Katika miji ya Tanzania jina la Mgogo lilikuwa limefungwa na dhihaka ya ombaomba, kwa sababu miaka ya ukame iliwasukuma watu wa Dodoma mpaka njia panda za Dar es Salaam. Wakati uleule watu walilipa fedha nyingi London kumsikiliza Mgogo akiimba. Kipaji kilekile kilichofanya nchi ijulikane kwa wageni kilikaa pwani, Bagamoyo, kilomita mamia kutoka kwenye matembe kilikojifunzia. Na wanafunzi waliokaa mbele yake walikuwa wa kila kabila isipokuwa, kwa sehemu kubwa, watoto wa jirani zake wa zamani. Taifa lilipata ilimba. Ugogo ulipungukiwa na mpigaji.

Katika kipindi hichohicho Mgogo mwingine, Mathias Mnyampala, alikuwa akiipa Tanzania sanaa ya kuonyeshwa hadharani iliyo tofauti kabisa na hii. Alizaliwa mwaka 1917, na kitabu chake juu ya historia, mila na desturi za Wagogo kilichapwa mwaka 1954, miaka minne tu baada ya Hugh Tracey kupita Tanganyika na mashine ya kunasa sauti akizirekodi ngoma za Wagogo pamoja na za wengine. Baada ya Azimio la Arusha washairi wa chama cha UKUTA waliombwa kueneza siasa mpya, naye Mnyampala akaigeuza ngonjera kuwa mchezo wa majibizano, wa kusemwa na watu waliosimama mbele ya umati. Alikufa mwaka 1969, na vitabu vya Ngonjera za UKUTA vikatoka baada yake. Kila mwanafunzi wa miaka ya 1970 aliyesimama uwanjani mwa shule akajibizana na mwenziwe kwa mizani na vina alikuwa akitumia uzi wa Mgogo huyu, ingawa kwa Kiswahili. Nimeyataja haya kwa sababu wako wanaodhani kwamba nchi ya kati ilipokea sanaa za hadharani kutoka kwingine tu.

Twarudi kwenye uwanja. Mwaka 1971 Operesheni Dodoma iliwahamisha Wagogo kutoka katika matembe yao yaliyotawanyika na kuwaweka katika vijiji vya ujamaa. Nyerere mwenyewe alikwenda kukaa Chamwino, akashika kazi ya matofali pamoja na wanakijiji, na kijiji kikapata jina la Chamwino Ikulu. Wanahistoria wameandika mengi juu ya athari za operesheni hiyo kwa kilimo na mifugo. Juu ya ngoma wameandika kidogo sana, na kwa maoni yangu hilo ni kosa, kwa maana ua wa tembe ulipoachwa ngoma ilipoteza mwenyeji wake. Badala ya mwenye tembe anayealika, akaja mwenyekiti wa kijiji anayeagiza. Badala ya ukoo, kikundi. Badala ya mwaka wa shibe, ratiba ya ziara ya kiongozi. Huu, na si tamasha, ndio mng'oo mkubwa.

Mwaka 1973 ikaamuliwa makao makuu yahamie Dodoma, na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu ikaundwa. Mpango Mkuu wa mwaka 1976, uliotungwa na wataalamu wa Project Planning Associates wa Toronto, ulitaka mji usiojivuna: wenye mitaa ya kiasi, ambamo mtu wa miguu, baiskeli na basi vitangulizwe mbele ya motokaa ya mtu binafsi. Mji kama huo ungalijengwa kama ulivyochorwa, pengine ungekuwa na njia za kuchezea ngoma. Lakini Serikali ilikawia kuhama kwa zaidi ya miaka arobaini. Ilipohamia kwa kweli, kuanzia mwaka 2016, na Dodoma kupewa hadhi ya jiji tarehe 26 Aprili 2018, barabara pana zilijengwa kwa haraka, na anayetembea kwa miguu katika jua la Oktoba ajua zilijengwa kwa ajili ya nani. Pale katikati ya mji panaitwa Nyerere Square, na sanamu ya Mwalimu imesimama hapo. Watu hupumzika, hupiga picha, husikiliza hotuba. Si mahali pa kusikilizia utando wa buibui.

Ndiyo sababu Chamwino. Mapana na wenzake waliokianzisha kituo cha sanaa hapo hawakuchagua kijiji kwa kukosa mji; walichagua mahali ambapo waimbaji wenyewe ndio wengi kuliko wageni. Kikundi kimoja kikiwa jukwaani, vikundi vingine vimekaa chini mavumbini vikikisikiliza, na hao si watazamaji wa kawaida: wanaujua wimbo, wanajua ni wapi mwongozaji wa muheme ameruka pigo, nao watalisema hilo njiani wakirudi. Tena tazama mwezi. Tarehe yaweza kuwa imewekwa kwa ajili ya wageni wa nje ambao likizo yao ni Julai, lakini Julai ndio mwezi ambao mtama umekwisha kuingia ghalani na njia za vijijini zapitika. Kalenda ya ofisi na kalenda ya mvua zimekutana.

Sisemi kwamba hakuna hasara. Kikundi cha tamasha hupewa muda, na nindo haina muda. Huanza kwa kutafutana, na kule kutafutana ndiko utamu wake. Kikundi huvaa kitambaa cha namna moja kipendeze machoni, ilhali zamani kila mtu alivaa lile alilokuwa nalo bora. Wimbo wa maneno makali dhidi ya mlafi fulani wa kijijini hulainishwa mbele ya mgeni rasmi. Na iko hatari iliyo kubwa kuliko hizi, nayo ni kwamba mtoto ajifunze ngoma kama kitu cha kuonyeshwa tu, hata asipoonyeshwa haimbi. Mapana aliieleza hatari ya namna hii katika utafiti wake juu ya watoto wa Kigogo: shule huwachukua saa nyingi za siku, na muziki wanaofundishwa humo hauna uhusiano na ule walioukuta nyumbani. Hapa lawama si ya tamasha. Siku chache za Julai haziwezi kurudisha kile ambacho siku mia na tisini na kitu za masomo zimekiacha nje ya mlango.

Lakini kipimo cha haki cha jukwaa si kama limefanana na tembe. Ni kama limempa mtu sababu ya kujifunza ambayo asingekuwa nayo. Kwa desturi ya zamani zeze na ilimba vilikuwa vyombo vya wanaume, na wanawake wa ukoo wa Zawose, kwa miaka mingi ya safari za nje, walisimama nyuma wakiitikia. Mwaka 2024 Pendo na Leah Zawose, wakijiita Zawose Queens, walitoa sahani yao wenyewe iitwayo Maisha, kwa kampuni ileile iliyotoa sahani za Hukwe. Ilimba na zeze wamezishika wao.